Matanga Yasiyoanuliwa

Sogezeni mikeka karibu, na mwenye usingizi akalale kwao. Hadithi hii haina jini wala sungura, haina hata mfalme wa kuoza binti. Mwishoni ina swali, na swali lenyewe nitawauliza ninyi, kwa hiyo asitokee mtu akaniambia hakusikia.

Katika mji mmoja, siutaji jina kwa kuwa wenyewe wana masikio, waliishi watu watatu wenye kitu na mmoja asiye na kitu.

Wa kwanza ni Feruzi. Alikuwa mchimba visima mpaka mgongo ulipomkatalia, na alichokuwa nacho ni kuijua ardhi. Akikanyaga mahali atakwambia: hapa maji yatapita, pale yatatuama, na wewe uliyetandika katikati utaamka huna mkeka. Nusu ya mji ilikuwa ikinywa maji ya visima vyake. Yeye mwenyewe hakuwa na pa kuweka mtungi.

Wa pili ni Mwatumu. Alichokuwa nacho ni ulimi. Mgambo akija na rungu kumfukuza, Mwatumu humsalimia, humuuliza mama yake hajambo, humpa pole ya jua, na mgambo huondoka amesahau alichojia. Ulimi huohuo ndio uliomtoa kwa mumewe: mume alibaki na nyumba, Mwatumu akabaki na neno la mwisho.

Wa tatu ni Bi Arafa. Huyu nyumba anayo, ya bati na baraza ya saruji, na ana turubai kubwa la buluu ambalo halikai stoo: leo liko kwenye harusi ya huyu, kesho kwenye msiba wa yule. Alichokuwa nacho ni mkono mwepesi. Bi Arafa hutoa kwanza, akafikiri baadaye, na majuto yake huyala peke yake jikoni.

Wa nne ni Siwatu, na huyu ndiye tutakayekaa naye. Siwatu hakuwa na kipaji cha kutajwa. Alichoma mihogo kando ya njia, na mihogo yenyewe nusu iliungua. Alichokuwa nacho ni kaka yake, Mbaruku. Msidharau. Katika watu waliokuwa wakilala nje mjini mle, wengi hawakuwa na mtu: ndugu wamekufa, au wapo lakini wakikuona njiani wanavuka barabara. Siwatu alikuwa na mtu wake. Mbaruku alikohoa, alilalamikia chumvi, alijichukulia upande mzuri wa jamvi. Lakini wa kwake.

Wote hao, ukimtoa Bi Arafa, walikuwa wamejishikiza kwenye vibanda vya bondeni, na mji ukavibomoa kwa kuwa mto ulikuwa ukivichukua. Hapo mji haukukosea. Mto kweli ulikuwa ukivichukua, na Feruzi alikuwa akilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alikaa kwa kuwa kujua hakukupi pa kukaa. Kosa ni moja tu. Waliambiwa wahame, hawakuambiwa wahamie wapi.

Wakalala kwenye baraza za maduka. Wenye maduka wakawa wanamwaga maji ya dagaa jioni wakifunga. Wakahamia sokoni. Wachuuzi wakasema vitunguu vinapungua, na vilikuwa vinapungua, tusidanganyane. Wakaenda stendi, mgambo wakawatoa. Wakaenda chini ya daraja, daraja likawekewa senyenge. Kila mtaa ulisema unawahurumia sana, na kweli uliwahurumia, mradi wawe mtaa wa pili.

Katika hangaiko hilo, mvua za vuli zikamkuta Mbaruku kwenye baraza ya duka lililofungwa, na kifua chake kikakataa. Siwatu alimwambia kumekucha, hakuitika. Akamwambia tena, kwa ukali, kama alivyozoea. Kisha akamfunika kanga yake.

Watu wa msikiti walimwosha, wakamvika sanda, wakamzika vizuri. Hapo pia msiwaseme. Mji unaojua kukufukuza ukiwa hai, ukifa unakuheshimu sana. Waliporudi kutoka makaburini, wazee wakamsogelea Siwatu, wakampa mkono, na mmoja akauliza kama inavyoulizwa kila siku: matanga yako wapi?

Siwatu akatazama huku na huku. Msiba una mahali. Hata maskini wa mwisho huwa na mlango ambao watu watakaa mbele yake. Yeye hakuwa na mlango.

Feruzi ndiye aliyejibu. Alisema matanga yako kwenye kiwanja cha mkonge. Kilikuwa kiwanja cha mji, kipana, cha kuanikia mkonge enzi mkonge ukiwa mkonge, na sasa kimeachwa kwa mbuzi. Pembeni kina chumba kimoja cha mawe alichokuwa akikaa mlinzi, kimefungwa kwa kufuli. Wenzake walitaka warudi karibu na soko, kwenye chakula. Feruzi akawatembeza, akapiga kisigino chini, akawaambia mvua inyeshe mwaka mzima, hapa mkeka hautalowa kwa chini. Wakaketi. Na maneno yake yakawa kweli.

Kiwanja kile kilitazamana na nyumba ya Bi Arafa. Bi Arafa akachungulia dirishani, akaona mwanamke ameketi chini juani amejifunika kanga kichwani, na watu wamemzunguka wamenyamaza. Hakuuliza ni nani. Akatoa turubai lake, akaita vijana wa mtaa, likafungwa kwenye miti minne. Akatoa sufuria, akatoa maharage, akatoa maji ya kisimani kwake. Jioni ile watu waliokuwa wakifukuzwa kama kuku walikuwa wamekaa kivulini wanakula, na wapita njia wanawapa pole.

Mgambo walikuja, na mtendaji wa kata mbele yao, kijana mmoja aitwaye Semkiwa. Alikuwa ameambiwa kuna watu wamevamia kiwanja. Akakuta matanga. Akavua kofia. Mgambo nyuma yake wakaficha marungu kama watoto walioficha embe bichi, na wote wakaketi ukingoni mwa mkeka, wakampa mfiwa pole. Mwatumu hakungoja. Akamtilia mtendaji chai, na chai ya msiba hairudishwi. Alipokwisha kunywa, mbele ya Maalim wa msikiti, mbele ya Bi Arafa na wazee wote, Mwatumu akamwambia, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia:

"Mwanangu, sisi tunajua hapa si kwetu. Lakini tuna maiti wetu. Tumlilie tumekaa, au tumlilie tunakimbia?"

Semkiwa aliona haya. Alikuwa na mama, ilionekana. "Mama," akasema, "hakuna wa kuwagusa hapa mpaka matanga yaanuliwe."

Hakusema siku ngapi. Na angesemaje? Mfiwa haulizwi atamaliza lini. Kumuuliza ni kumwambia aharakishe, na hakuna aliyelelewa akalelewa anayefanya hivyo. Kijana wa watu alidhani siku tatu. Akaaga, akaondoka, ameacha neno lake pale mkekani.

Sasa jueni desturi ya mji ule. Matanga hayaanuliwi na shehe, wala na jirani, wala na mwenye turubai. Mfiwa mwenyewe huinuka, huoga, hufagia pale alipolalia. Akishafagia, mikeka inakung'utwa, turubai linashuka, kila mtu anarudi kwake. Hakuna wa kumfagilia, hata mwanawe wa kumzaa. Na kabla hajafagia, hakuna wa kumshushia turubai kichwani. Anayefanya hivyo amejiitia msiba nyumbani kwake.

Siku ya tatu Maalim akaja kusoma dua. Siwatu akainuka, akaoga, akanyoosha mkono kuchukua fagio. Mkono wa Mwatumu ulikuwa umeshafika.

Maalim alisema dini ni siku tatu kwa ndugu, zaidi ya hapo ni mila za watu. Alisema kwa upole, hakuwa mtu mbaya.

Mwatumu akamjibu, "Maalim, siku tatu ni kwa mwenye nyumba ya kurudi. Huyu akifagia hapa, anarudi wapi?"

Maalim akatazama kitabu chake, akatazama watu. Kisha akasema kila mtu anaijua nia yake, akafunga kitabu, akaenda zake. Siwatu akaketi tena. Fikirini: hakuna aliyemuuliza yeye.

Wiki zikapita. Habari zikaenea, na waliokuwa wamejificha magofuni wakaja kutoa rambirambi, wakabaki. Wakachimba choo kule alikosema Feruzi, wakaweka mafiga, wakajigawia pa kulala. Wanawake waliokuwa wakilala wameshika visu walilala wameachia mikono. Mtoto mmoja alizaliwa pale chini ya turubai la msiba, na waliosema ni mkosi walimwogesha wakampakata kama wengine. Palikuwa pameanza kuwa mahali.

Na katikati ya mahali pale alikaa Siwatu, kama mlingoti.

Mfiwa hapaki mafuta. Hasuki. Haendi sokoni, haketi kwenye biashara, kwa hiyo mihogo yake aliichoma mwingine, na kusema kweli haikuungua. Analetewa chakula, anakula kidogo watu wakiona. Hacheki. Siku moja kuku wa Bi Arafa aliingia kwenye sufuria la uji, akatoka amevaa uji kama gauni la harusi, akakimbia nao mtaani. Siwatu akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakishika. Watu wote wakamgeukia na "shh" moja ndefu, na Feruzi, mzee mzima, akaangalia barabarani kama mgambo wamesikia.

Mgambo wakipita, Mwatumu alikuwa akimfinya ubavuni. "Lia, shoga."

"Sina machozi."

"Basi inamisha kichwa, nitalia mimi."

Usiwaone wabaya. Walimbeba kama yai. Lakini Siwatu alikuwa amegundua kitu ambacho hakuwa na wa kumwambia: alikuwa hamkumbuki tena Mbaruku. Siku mbili za mwanzo alimwona vizuri, na jamvi lake na kikohozi chake. Sasa akimtafuta anaona turubai. Kilio chake kilikuwa kimegeuka kazi, na kazi hiyo haikuwa na jioni. Alitaka kufagia. Alitaka kuoga, amwambie kaka yake nenda salama, aone kama moyo utauma au hautauma. Kisha anageuza shingo anamwona yule mzazi na kichanga chake, na mkono unarudi mapajani.

Upande wa pili wa njia, Bi Arafa naye alikuwa amefungwa.

Bi Arafa alikuwa na binti, Saumu, na Saumu alikuwa ameposwa. Ngoma hazipigwi mbele ya matanga. Wakwe waliahirisha mara ya kwanza kwa heshima, na mara ya pili kwa mguno. Mara ya tatu wakaanza kusema familia yenye msiba usiokwisha mlangoni ina jambo. Na turubai la harusi lilikuwa lilelile. Bi Arafa alikwenda kuketi karibu na Siwatu, akashika tasbihi, akaivuta mzunguko mzima.

"Poleni na msiba," akasema mwishowe.

"Tunapoa, Bi Arafa."

"Bado hamjapoa?"

Siwatu akamtazama. Ndilo neno la karibu kabisa ambalo mtu mwenye adabu angeweza kusema, na lilimtoka Bi Arafa kama mwiba. Papo hapo akaona haya, akaanza kulia, akasema hakukusudia, lakini Saumu hali chakula, na bwana harusi anasikiliza sana mama yake. Na choo, akasema. Choo kinanuka upepo ukigeuka. Na kisima chake kinakauka mapema siku hizi. Na usiku analala vibaya, kwa kuwa watu wema wapo na wasio wema wapo, na kamba yake ya nguo imeshakatwa. Kila alilosema lilikuwa kweli.

"Si umelitoa mwenyewe turubai," Siwatu akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anashangaa jinsi jambo lilivyokuwa.

"Nililitoa," Bi Arafa akasema. "Nililitoa kwa siku tatu."

Wakakaa hivyo, wanawake wawili, mmoja hawezi kudai chake na mwingine hawezi kurudisha kisicho chake. Wangepatana wao wawili pale pale. Lakini nyuma yao kulikuwa na watu wa kujaza msikiti mdogo, wote wanajifanya hawasikilizi.

Ndipo Semkiwa akarudi. Safari hii alikuja peke yake, bila mgambo, na hakupewa chai kwa kuwa sukari ilikuwa imekwisha. Akaketi mbele ya Siwatu.

"Mama, nahamishwa. Ijumaa naondoka. Neno nililotoa hapa ni langu mimi. Anayekuja hakunywa chai yenu."

Akaeleza alichoweza kupata. Matanga yakianuliwa kabla hajaondoka, kile chumba cha mawe cha mlinzi atampa mtu mmoja kati yao, akae kihalali kama mlinzi wa kiwanja, asitolewe na yeyote. Wachague wenyewe nani. Waliobaki watapelekwa machimboni, nje ya mji, kwenye mashimo yaliyochongwa mawe, na huko wataachwa walale.

Feruzi akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. Akasema machimboni maji hayatoki juu, yanatoka chini. Masika yakianza patakuwa bwawa.

"Najua, mzee," akasema Semkiwa.

"Unajua?"

"Najua. Sina pengine. Nimezunguka mtaa kwa mtaa. Kila mtaa umenikaribisha ukanikatalia."

Kijana hakuwa akisema uongo, na hakuwa akifurahia. Mtu mwenye rungu unaweza kumpinga. Huyu alikuwa amekuja mikono mitupu kama wao.

Siwatu ndiye aliyeuliza. "Na nisipofagia?"

"Hapo sijui, mama. Pengine anayekuja ataheshimu msiba kama nilivyoheshimu. Pengine atakuja na greda. Simjui."

Akaaga.

Alipogeuka tu, mambo yakaanza. Kwanza walisema hawaanui, kwa pamoja, kwa sauti kubwa. Kisha mmoja akauliza, kwa kuuliza tu, hivi yakianuliwa chumba kingekuwa cha nani.

Feruzi alisema yeye hataki ugomvi, lakini ukweli usemwe. Mkonge umeanikwa pale miaka na miaka na hakuna aliyepaona ila yeye. Wangekwenda kukaa karibu na soko, turubai lingewakuta wapi? Mtendaji angetoa neno juu ya tope? Mgongo wake umekwisha kwa kuwachimbia watu wa mji maji. Kulala juu ya kavu mwisho wa maisha si kuomba makuu.

Mwatumu alisema ardhi haijawahi kumzuia mgambo. Viwanja vikavu vipo tele mjini, na vyote wamefukuzwa. Kilichowaweka pale ni neno, na neno lilitoka kwa mtendaji kwa kuwa yeye Mwatumu alilitoa, kama unavyomtoa mtoto jino, bila yeye kujua. Tena akalirefusha mbele ya Maalim. Na mtu anayelindwa na ulimi wake tu, ulimi ukichoka anakwenda wapi?

Wengine walimtaja Bi Arafa, kwamba bila turubai msiba usingeonekana msiba, ungeonekana kundi la watu juani, na mgambo wasingevua kofia. Bi Arafa hakutaka chumba, chumba atakifanyia nini? Alitaka binti yake aolewe. Lakini na yeye alitoa, na hadi leo hakuna aliyemwambia ahsante kwa namna ya kumrudishia kitu.

Akatokea mmoja, mropokaji, akasema kama ni haki basi chumba ni cha marehemu, maana ndiye aliyefanya kazi yote. Mwingine akamjibu marehemu hakihitaji: katika sisi sote ni yeye peke yake aliyepata pa kulala asipofukuzwa. Watu wakacheka, wakakumbuka ni matanga, wakaacha.

Wakabaki wanamtazama Siwatu. Wapo waliosema ni chake, bila shaka, maiti ni wake. Wengine wakanong'ona kwamba hakufanya lolote, alikaa tu. Kukaa ni kazi? Kufiwa ni kipaji? Na Siwatu mwenyewe alikuwa akijiuliza hayohayo. Feruzi alitoa jicho na jicho bado analo. Mwatumu alitoa ulimi na ulimi bado anao. Bi Arafa alitoa turubai, na siku moja litarudi stoo. Yeye alichotoa hakina kurudi, na hakukitoa, alinyang'anywa. Je, unalipwa kwa ulichonyang'anywa?

Aliona vizuri. Akifagia akaingia chumbani, atalala mahali pakavu akisikia mvua, na kila tone litamwambia amemuuza kaka yake na kichanga cha watu kwa kufuli na mlango. Akimpa Feruzi chumba, Mwatumu na mzazi wanakwenda kwenye mashimo, naye pamoja nao. Na kama chumba ni cha Mwatumu, basi mzee mwenye mgongo mbovu ndiye atakayeyasikia maji yakipanda, na atajua tangu mapema, kwa kuwa ndicho kipaji chake. Asipofagia, Saumu anabaki bila mume, Bi Arafa anabaki na msiba usio wake mlangoni, na wote wanangoja mtu asiyewajua, ambaye labda ana mama na labda ana greda.

Ijumaa ikafika. Maalim alikuwa amekuja asubuhi, ameketi na kitabu chake hakukifungua. Semkiwa alikuwa amesimama kando ya njia na begi lake. Wakwe wa Bi Arafa walikuwa barazani, wamekuja kusikia la mwisho, wamekataa kukaa kitini. Saumu alikuwa mlangoni. Feruzi alikuwa ameinamisha uso, anakuna ardhi kwa kidole. Mwatumu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue katika hadithi hii, alikuwa amefunga mdomo.

Fagio liliwekwa mbele ya Siwatu, juu ya mkeka. Aliyeliweka hajulikani, na hakuna aliyeliondoa. Upepo uligeuka, ukaleta harufu ya choo mpaka barazani kwa Bi Arafa, na mkwe mmoja akashika pua. Yule mzazi alimhamishia mtoto wake titi la pili, akashusha kanga yake, hakutazama fagio hata kidogo.

Siwatu akaangalia mikono yake.

Hapo ndipo nilipomwacha, na hapo ndipo alipo mpaka sasa.

Haya, semeni. Afagie, asifagie? Akifagia, nani aingie chumbani: aliyepaona mahali, aliyepatetea, aliyepafunika, au aliyeleta maiti? Na asinijibu mtu kwamba mji uwajengee wote nyumba. Hilo hata kuku wa Bi Arafa analijua. Mji haukusema nyumba. Mji umesema chumba kimoja na mashimo, au umngoje asiyejulikana. Chagua katika hayo, kama alivyoambiwa Siwatu achague.

Wewe uliyekaa pale nyuma ukitikisa kichwa kwa huruma, ungeamua vipi? Na ukisema wasiende machimboni, vema, nami nakuunga mkono: pale mtaani kwako, mbele ya nyumba yako, pana uwazi kiasi gani?